Kuku aliyekatazwa: historia ya mishikaki ya tsukune

Ukifungua friji ya duka lolote la vyakula mjini Tokyo leo, hukosi kukuta tsukune: viduara vya kuku wa kusaga vilivyoshikana kwenye kijiti cha mwanzi, vikachomwa na kupakwa mchuzi mweusi wenye utamu. Watoto hufungiwa wakale shuleni, wafanyakazi huagiza jioni wakitoka kazini, na nyumbani hupikwa siku ambayo hakuna muda wa kupika kitu kirefu. Kwa wingi huo ni rahisi kudhani kwamba Wajapani wamekula hivi tangu enzi na enzi. Sivyo. Kwa karne nyingi kuku hakuwa nyama ya kuliwa waziwazi, na alipokubalika mezani alibaki chakula cha wenye fedha hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kilicho cha kale katika tsukune ni ufundi wa mkono unaoifinyanga, nao haukuanzia kwa kuku. Ulianzia kwa samaki.

Jogoo wa alfajiri (675–1600)

Mwaka 675 Mfalme Tenmu alitoa amri iliyohifadhiwa katika Nihon Shoki, kitabu cha historia ya taifa kilichokamilika mwaka 720. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa wa kalenda ya wakati ule, ilikatazwa kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku. Kulungu na nguruwe mwitu hawakutajwa, na hapo ndipo siri ya amri ilipo. Mafundisho ya Kibuddha juu ya kutoua yalikuwa yamekwisha kuingia ikulu, lakini miezi iliyochaguliwa ni miezi ya mpunga shambani, na wanyama waliolindwa ni wale wanaoishi na mtu na kumfanyia kazi. Ng'ombe alivuta jembe, farasi alibeba mizigo, mbwa alilinda nyumba. Kuku aliwaamsha watu.

Kazi hiyo ya kuamsha ilikuwa na uzito wa dini. Katika simulizi za Shinto, mungu wa jua Amaterasu alijificha pangoni na dunia ikaingia giza. Miungu wenzake wakakusanya majogoo wawike mlangoni ili atoke. Hadi leo kuku huachwa wakitembea huru katika eneo la hekalu kuu la Ise. Ndege mwenye nasaba ya namna hiyo si rahisi kumtia kisu.

Amri ilirudiwa na watawala waliofuata kwa namna mbalimbali, dalili kwamba haikutiiwa kikamilifu. Hata hivyo iliacha desturi: mwenye hamu ya nyama ya ndege alitazama porini. Kware, bata mwitu, korongo na shomoro ndio waliofika mezani. Kuku alibaki uani, akiwika na kutaga.

Wakati huohuo, pwani na ikulu, mkono ulikuwa ukijifunza kazi nyingine. Maelezo ya karamu ya mkuu mmoja wa ukoo wa Fujiwara, mwaka 1115, yanaonyesha chakula cha samaki aliyepondwa na kufinyangwa kuzunguka kijiti cha mwanzi, kisha akachomwa. Watengenezaji wa kamaboko, yaani mkate wa samaki, huuhesabu mwaka huo kuwa chanzo cha kazi yao. Mimi nauhesabu pia kuwa mwaka wa kwanza katika historia ya tsukune, ingawa hapakuwa na kuku wala mchuzi wa soya pale mezani.

Sababu yangu ni hii. Nyama iliyosagwa, ya samaki au ya ndege, haishikani yenyewe kwenye kijiti. Ukiichomeka vilevile inapasuka na kudondokea motoni. Ukitia chumvi na kuikanda, chumvi huyeyusha protini za msuli, hasa ile iitwayo miosini, na nyama inayomwagikamwagika hugeuka uji mzito unaonata vidoleni. Inapopata moto, protini hizo hushikana na kuwa wavu unaozuia maji na mafuta yasitoke. Waponda samaki wa karne ya 12 hawakuwa na jina la protini hiyo, lakini kinu na mchi vilikuwa vimewafundisha yote waliyohitaji kuyajua. Kila anayekanda tsukune leo anarudia kazi yao.

Shomoro hekaluni, soya mjini (1603–1868)

Ukoo wa Tokugawa ulipoishika nchi mwaka 1603 na kuweka makao yake Edo, ambayo sasa ni Tokyo, kijiji cha wavuvi kilianza kukua na kuwa mji ambao katika karne ya 18 ulikuwa na watu takriban milioni moja. Wengi walikuwa wanaume: askari waliokuja na mabwana zao, mafundi, vibarua. Hawakuwa na jiko la maana majumbani. Walikula barabarani, na barabara ikawalisha.

Vitabu vya mapishi vilianza kuchapishwa. Ryōri Monogatari cha mwaka 1643 kinamtaja kuku miongoni mwa ndege wa kupikwa, ishara kwamba mwiko ulikuwa umelegea. Kingine, cha mwaka 1689, kinaeleza namna ya kuchoma ndege kwa kijiti, na maelezo yake yangeeleweka kwa mchomaji yeyote wa leo: nyunyiza chumvi nyepesi kama umande ulioganda, choma hadi ikaribie kuiva, chovya katika mchuzi wa soya uliotiwa sake, pombe ya mchele, kidogo, rudisha motoni, chovya tena, peleka kwa wageni kabla mchuzi haujakauka. Kuchovya mara mbili! Desturi hiyo haijabadilika kwa zaidi ya miaka 300.

Ndege wenyewe kwa kawaida walikuwa wadogo. Nje ya hekalu la Kishimojin huko Zōshigaya, waumini walinunua shomoro wa kuchoma. Kule Kyoto, njia ya kwenda Fushimi Inari ilinuka vivyo hivyo, na palikuwa na mantiki yake: Inari ni mungu wa mpunga, na shomoro ni mwizi wa mpunga. Katika kipindi hiki shogun (mtawala wa kijeshi) Tsunayoshi, aliyetawala kuanzia 1680 hadi 1709, alitoa mfululizo wa amri za kuhurumia viumbe hai, maarufu zaidi zikiwa za kuwalinda mbwa. Biashara ya nyama ya ndege ilibanwa kwa miaka kadhaa, kisha akafa na amri nyingi zikafutwa.

Mabadiliko makubwa yalikuwa kwenye mchuzi. Mwanzoni soya nzuri ilisafirishwa kwa meli kutoka upande wa Kyoto na Osaka. Polepole watengenezaji wa Noda na Chōshi, miji iliyo karibu na Edo na yenye mito ya kusafirishia, walitengeneza soya nyeusi zaidi yenye harufu kali, na kufikia mwanzo wa karne ya 19 ndiyo iliyotawala soko la mji. Karibu na hapo, Nagareyama, palitengenezwa mirin nyeupe, kileo kitamu cha mchele. Wachoma mikunga walizichanganya mbili hizi wakapata tare, mchuzi mzito unaong'aa na kuganda juu ya nyama ikiguswa na moto. Ladha ya tsukune ya leo ilipatikana hapo, kwenye vibanda vya mikunga, kabla kuku hajawa na nafasi.

Mkaa nao ulipata jina lake katika zama hizohizo. Mwishoni mwa karne ya 17 mfanyabiashara wa Tanabe, katika jimbo la Kishū, aliyeitwa Bitchūya Chōzaemon, aliuza mkaa wa mti mgumu jamii ya mwaloni. Mkaa huo hutolewa tanurini ukiwa mwekundu, joto likipita nyuzi 1,000 za Selsiasi, na kuzimwa ghafla kwa kufukiwa na mchanganyiko wa mchanga na majivu. Hubaki mgumu kiasi cha kulia kama chuma ukigonganishwa, huwaka muda mrefu na hautoi moshi mwingi. Ni binchōtan, na wachomaji hawajaupatia mbadala.

Kuku, kwa upande wake, aliingia kupitia yai. Mwaka 1785 kilitoka kitabu kilichojaa mapishi ya mayai, maarufu kwa jina la vioja mia vya yai. Nyama ilikuja kwa sura ya shamo, jogoo wa kupigana mwenye asili ya Siam, aliyechemshwa chunguni mezani. Mgahawa wa Tamahide, uliofunguliwa mwaka 1760, uliishi kwa chungu hicho. Kilikuwa chakula cha wenye nacho. Jikoni, wapishi wa ndege wadogo kama kware walikatakata nyama pamoja na mifupa laini kwa kisu kizito hadi ikawa rojo, wakaitupia kwenye supu kwa viduara. Ndege mdogo hana nyama ya kutosha kuchambua, hivyo hasara ilikwepwa kwa kumsaga mzima.

Makombo ya wenye nacho (1868–1923)

Mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868 yaliurudisha utawala kwa mfalme na kuifungua nchi kwa mambo ya Magharibi. Januari 1872 ilitangazwa kwamba mfalme mwenyewe amekula nyama ya ng'ombe. Mwiko wa karibu miaka 1,200 ulivunjwa kutoka juu.

Masamurai walipoteza mishahara yao, na baadhi wakageukia ufugaji. Ndugu wawili wa ukoo wa Kaifu, waliokuwa askari wa himaya ya Owari, walipandisha kuku wa kienyeji na kuku wa Cochin kutoka China, wakapata ndege mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kahawia isiyokolea. Mwaka 1905 ndege huyo, Nagoya Cochin, alitambuliwa rasmi kuwa aina ya kuku wa Japani. Hata hivyo kuku aliendelea kuwa ghali. Alifugwa kwa ajili ya mayai, na alichinjwa akiisha kutaga.

Katika pengo hilo kati ya hamu na mfuko ndipo yakitori ya mitaani, yaani mishikaki ya ndege wa kuchoma, ilipozaliwa. Migahawa ya shamo ilibakiza matumbo, maini, firigisi, ngozi na vipande vilivyoshikamana na mifupa. Wachuuzi wakavinunua kwa bei ya chini, wakavitunga kwenye vijiti na kuvichoma kwa tare nzito iliyofunika harufu. Mwandishi wa habari Matsubara Iwagorō, aliyeishi kati ya maskini wa Tokyo na kuandika juu yao mwaka 1893, anaitaja biashara hiyo: wateja wake walikuwa wavuta riksho na vibarua, watu wanaohitaji nguvu na mafuta kwa senti chache, wakila wima kando ya kibanda.

Ningependa msomaji atulie hapa kidogo. Hawa wachuuzi hawakuwa na kipande kizuri hata kimoja cha kuku. Walikuwa na ngozi, gegedu na vikorokoro vya shingo, ambavyo haviwezi kuchomekwa kijitini kwa heshima. Kuvikatakata na kuvikanda hadi vishikane lilikuwa jibu la asili, na tayari mbinu ilikuwepo kwa samaki na kwa kware. Tsukune ya kijitini ni matokeo ya mkutano huo: mkono wa mponda samaki, mchuzi wa mchoma mikunga, na makombo ya kuku ambaye mlaji wake yuko ndani ya mgahawa.

Moshi wa soko la magendo (1923–1955)

Tarehe 1 Septemba 1923, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, wakati majiko yakiwa yamewashwa, tetemeko lilipiga Tokyo na Yokohama. Zaidi ya watu 100,000 walikufa, wengi kwa moto uliofuata. Migahawa iliteketea, na mji uliokuwa ukijengwa upya ulilishwa tena na vibanda. Yakitori ikatoka kwenye mitaa ya maskini na kupata wateja wa kila tabaka. Baadhi ya vibanda sasa vilichoma kuku halisi, si makombo tu.

Vita vilikatisha hali hiyo. Mgawo wa mchele ulianza miji mikubwa mwaka 1941, na nafaka ya kulisha kuku ikatoweka. Baada ya kushindwa mwaka 1945, masoko ya magendo yalichipuka nje ya vituo vya treni. Upande wa magharibi wa kituo cha Shinjuku, katika uchochoro unaoitwa sasa Omoide Yokochō, na chini ya matao ya reli huko Yūrakuchō, watu walichoma matumbo ya nguruwe na ng'ombe na kuyauza kwa jina la yakitori. Hakuna aliyelalamika kwamba si ndege. Vichochoro hivyo bado vipo, na moshi umeipaka dari rangi nyeusi.

Kuku wa wiki nane (1955–1980)

Kilichobadilisha kila kitu kilianzia Marekani. Mwaka 1923 mama mmoja wa Delaware, Cecile Steele, aliagiza vifaranga 50 wa kutaga akaletewa 500. Aliwafuga wote kwa ajili ya nyama, akawauza kwa faida, na majirani wakamwiga. Mwaka 1948 lilifanyika shindano la taifa la kumtafuta "kuku wa kesho", na mshindi, Charles Vantress wa California, alileta mchanganyiko wenye kidari kipana unaokua haraka. Mbegu za aina hiyo zikasambaa duniani.

Zilifika Japani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Sheria ya Msingi ya Kilimo ya mwaka 1961 ilihimiza ufugaji, mahindi na maharagwe ya soya vikaingia kutoka Marekani, na wafugaji wa Kyūshū na kaskazini mwa Honshū wakajenga mabanda ya maelfu ya ndege. Kuku aliyekuwa akisubiriwa amalize kutaga sasa alikuwa tayari baada ya wiki chache. Bei ikashuka hadi mfanyakazi wa kawaida akaweza kula yakitori ya kuku mara kwa mara. Ni jambo la kusikitisha kiasi kwamba ladha ilishuka pamoja na bei. Nyama ilikuwa laini na ya maji, bila ukali wa ndege aliyetembea. Lakini sikubaliani na wanaoutazama wakati huo kama hasara tupu. Kwa mara ya kwanza mtoto wa kibarua alikula paja, si utumbo.

Wajapani walipendelea paja lenye mafuta. Kidari kikavu na vipande vya pembeni vikabaki, na mashine za kusagia za wauza nyama zikapata kazi. Kuku wa kusaga akawa miongoni mwa nyama rahisi kuliko zote dukani.

Kikaango na gesi

Mwaka 1955 liliundwa Shirika la Nyumba la Japani, likajenga maghorofa ya saruji kwa familia za wafanyakazi, kila nyumba na jiko dogo lenye meza ya kulia ndani yake. Kabla ya hapo, nyumba nyingi zilichomea samaki kwenye shichirin, jiko la udongo la mkaa ambalo mtu wa Mwanza au Mombasa angelitambua mara moja. Ghorofani moshi wa mkaa haukukubalika, na gesi ikachukua nafasi yake.

Mwaka 1957 shirika la utangazaji la NHK lilianza kurusha kipindi cha mapishi, Kyō no Ryōri, ambacho bado kipo hewani. Mwaka huohuo duka la kwanza la Daiei lilifunguliwa Osaka, mwanzo wa maduka makubwa yaliyowazoesha watu kununua nyama iliyopimwa na kufungwa. Jiko, mwalimu na nyama vilikutana ndani ya miaka michache.

Wapishi wa nyumbani waliigeuza tsukune kukidhi mahitaji yao. Walitia tofu ili nusu kilo ilishe watu wengi, kiazi kikuu kilichokunwa ili iwe laini, majani ya shiso kwa harufu. Kijiti mara nyingi kiliachwa kabisa: viduara vilibanwa vikawa bapa, vikakaangwa, kisha soya, mirin na sukari vikamiminwa kikaangoni hadi vikaganda. Wapenda mkaa huona huko ni kuipunguzia heshima. Mimi naona ndiko ilikookolewa, maana chakula kinachopikwa vibandani tu hufa kibanda kikifungwa.

Kurudi kwa kuku mkavu wa misuli

Katika miaka ya 1980, utajiri ukiongezeka, walaji walianza kuitafuta tena ladha iliyopotea. Nagoya Cochin, Hinai-jidori wa Akita na Satsuma-jidori wa Kagoshima wakapanda thamani, na pamoja nao udanganyifu wa majina. Mwaka 1999 serikali iliweka viwango: ili kuku aitwe jidori, yaani kuku wa kienyeji, lazima angalau nusu ya damu yake itoke kwa aina za asili, afugwe siku zisizopungua 80 (baadaye zikapunguzwa kuwa 75), na kuanzia siku ya 28 atembee huru, si zaidi ya ndege kumi kwa mita moja ya mraba. Kuku wa nyama wa kawaida huchinjwa akiwa na takriban siku 50.

Wachomaji waliochukua kuku hao waliwachambua sehemu kwa sehemu, kuanzia ngozi ya shingo hadi nyama ndogo ya mkiani. Na kwa kuwa ndege alikuwa ghali, hakuna kilichotupwa. Vipande vya mwisho vilikatwa kwa kisu badala ya mashine, vikatiwa gegedu la kifua ili vitafunike kwa mlio, vikawa tsukune. Migahawa ya namna hiyo ilipoanza kupewa nyota na mwongozo wa Michelin, miaka zaidi ya mia moja baada ya wavuta riksho wa Matsubara, wateja wengi waliipima ustadi kwa tsukune yake, kwa kuwa hapo mpishi hana kipande kizuri cha kujificha nyuma yake.

Mikononi mwa mpikaji wa leo

Historia yote hiyo inaonekana katika kazi ya nusu saa jikoni. Nyama ya paja iliyosagwa, gramu 500, hutolewa kwenye friji ikiwa baridi, kwa sababu mafuta yakiyeyuka mapema wavu wa protini hausukiki. Chumvi gramu 5 hutangulia peke yake. Hukandwa kwa mkono mmoja, kwa kuzungusha upande mmoja, hadi nyama ipauke kidogo na kuanza kuvuta nyuzi kwenye kuta za bakuli. Hapo tu ndipo huingia kitunguu majani kilichokatwa, tangawizi ya kukuna na kijiko kikubwa cha wanga wa viazi. Anayetia kila kitu kwa pamoja hupata nyama inayodondoka motoni, na kosa si la kijiti.

Vijiti bapa vya mwanzi hushika kuliko vya mviringo, na huloweshwa kwanza. Mikono hulainishwa kwa maji au mafuta, nyama hubanwa kuzunguka kijiti kwa urefu wa kiganja, na hupumzishwa kwenye friji. Mkaa wetu wa kawaida unafaa, mradi uwe umeshika majivu meupe na miali imeisha. Mishikaki huiva karibu kabisa ikiwa mikavu, ndipo huchovywa kwenye tare, hurudishwa, huchovywa tena, kama kilivyoagiza kitabu cha mwaka 1689. Tare ikitangulia, sukari huungua kabla ya katikati kuiva, na katikati inatakiwa ifike nyuzi 75.

Tare yenyewe ni soya na mirin kwa vipimo sawa, na sukari kidogo, zilizochemshwa hadi zipungue kwa theluthi. Asiyetumia kileo hutia maji na kuongeza sukari mahali pa mirin. Mng'ao hupungua kidogo, ladha inabaki. Migahawani tsukune huletwa na kiini kibichi cha yai cha kuchovya, kwani mayai ya Japani huoshwa na kuandikwa tarehe kwa ajili ya kuliwa mabichi. Mahali ambapo mayai hayatayarishwi hivyo, kiache kiini, uongeze mkono wa tatu wa tare kabla ya kuiondoa mishikaki motoni.